King'ora cha Saa Nne

Siku niliyoanza kuogopa ilikuwa Jumatatu, na siku hiyo hakuna aliyeumia hata ukucha. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa chumba cha chai naosha vikombe, king'ora kikalia. Fundi mitambo alikuwa amebadilisha waya akataka kukijaribu, basi. Alikibonyeza mara moja akakiachia. Kabla sijakausha mikono nikasikia mabuti ya mpira yanakuja ujiani, pwacha pwacha, na mlango ukajaa watu.

Walikuwa wale wa ukumbi wa kufungasha. Aproni zimelowa, glovu wamezivua na kuzibana kwapani, kama wanavyofanya kila siku wakija kunywa chai. Chai haikuwepo. Birika lilikuwa tupu, nimelifudikiza juu ya meza ili likauke. Waliliona kwa macho yao, na bado wakapanga foleni.

Yule tunayemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kumzima, aliniuliza kama siku hizi nimeanza kuwanyima hata mvuke. Wakacheka. Mmoja akatazama saa ya ukutani, akasema jamani, hata saa tatu bado. Wakacheka tena, wakarudi kazini shingo upande. Wawili walibaki wamesimama kitambo wakilitazama birika, kana kwamba likitazamwa sana litajaa.

Mimi sikucheka. Mbele kabisa ya foleni ile alikuwa amesimama mke wa mwanangu, mkono mmoja kwenye tumbo lake la miezi sita, wa pili ameshaunyoosha kupokea kikombe. Na nyuma yangu, ukuta ule ninaotundikia taulo, upande wake wa pili ni chumba cha mitambo.

Kiwanda chetu kinagandisha kuku. Baridi yake inatengenezwa na gesi iitwayo amonia, inayozunguka kwenye mabomba mchana na usiku. Ikivuja kidogo inanuka kama mkojo wa siku nyingi, na harufu hiyo sote tumeizoea. Ikivuja sana, fundi aliniambia wiki yangu ya kwanza, inaunguza macho na mapafu, na aliye karibu anaweza asitoke. Ndiyo maana king'ora kiliwekwa. Pale getini, karibu na kibanda cha mlinzi, kuna ubao wa kijani wenye picha ya watu wanaokimbia. Hapo ndipo pa kukimbilia.

Lakini ukumbi wa kufungasha una kelele, mtu akikuita kwa jina humsikii. Zamani kulikuwa na kengele ya umeme ya kuitia watu chai. Ilipoungua, msimamizi aliomba nyingine mara mbili, haikuja. Msimamizi huyo jina lake la utani ni Dakika, kwa sababu hatoi mkono mfukoni ila kutazama saa. Asubuhi moja alichoka kutembea kutoka meza hadi meza akiwagusa watu mabega. Akabonyeza king'ora. Watu wote walifika kwangu kwa mara moja, na saa nne na robo walikuwa wamesharudi kazini. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete. Akaandika karatasi akaibandika mlangoni kwangu: mlio mmoja mfupi, chai, milio mitatu mirefu, hatari. Mvuke wa birika uliibandua karatasi ile kabla mwezi haujaisha. Haikurudishwa, na huo ulikuwa mwaka juzi.

Na mimi nilikuwa na mkono wangu katika jambo hilo. Anayewahi kwangu anapata chai nzito ya juu na ncha za mkate zilizopakwa jamu. Tena jamu haiji kila siku. Ofisi ikibakiza, wananiletea, isipobakiza, hakuna. Hakuna anayejua siku ya jamu ni ipi, kwa hiyo wanakimbia kila siku. Nilikuwa nikiona ni mchezo mzuri.

Mwanangu yuko chuo cha ualimu. Jioni anatembea sebuleni na kitabu mkononi akisoma kwa sauti, ndivyo yanavyomwingia. Siku mbili tatu baada ya Jumatatu ile nilikuwa nakunja nguo, akawa anasoma habari za mbwa wanavyofunzwa. Mlio, kisha chakula. Mlio, kisha chakula. Mwisho mlio peke yake unamtoa mnyama mate. Hachagui, alisoma, mate yanatoka tu. Na kama chakula kinakuja siku moja na siku nyingine hakiji, ile tabia inashika zaidi kuliko kama kingekuja kila siku.

Niliacha kukunja. Nikamuuliza, je, siku mlio ukija na kitu kingine, si chakula?

"Atafanya alichofunzwa, mama. Mpaka afunzwe vingine."

"Na akishafunzwa vingine, kile cha kwanza kinafutika?"

Alirudi nyuma ukurasa mmoja, akapitisha kidole. "Hapa wanasema hakifutiki. Kinalala."

Mkewe alikuwa kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, maana kusimama kutwa kunaivimbisha. Alicheka. Akaniuliza kama ndiyo nimeshawafananisha na mbwa wa kitabuni. Nilimwambia katika hesabu hiyo najitia na mimi mwenyewe. Akacheka tena, lakini mimi usingizi ulinipaa. Tangu mume wangu afariki, sisi ni watatu tu ndani ya nyumba ile, na wa nne tulikuwa tunamsubiri.

Asubuhi nilimaliza sala zangu, nikaenda kwa Dakika kabla hajakaa. Nilimwambia yote, pole pole, kwa adabu. Nikamkumbusha ile Jumatatu.

"Mama Birika," alisema, "watu wazima hawa. Unadhani hawajui kuhesabu mpaka tatu?"

"Wanajua, bosi. Lakini wanaanza kutembea kwenye moja. Ikifika tatu wako kwangu, na kwangu ni ukutani kwa mitambo."

"Haijawahi kuvuja."

"Namshukuru Mungu. Ila sijui ya kesho."

Alitazama saa. Akasema kengele mpya imo kwenye orodha ya manunuzi. Nikaona hapo hapaendi mbele. Basi nikaomba kitu kidogo: chai niigawie getini, pale kwenye ubao wa kijani, nje kuna hewa. Chumba kile kimekuwa kidogo, watu wanasukumana, na mmoja wao ana mimba. Yote hayo yalikuwa kweli. Alifikiri, akaniuliza kama dakika zitaongezeka. Nikamwambia hazitaongezeka. Akakubali.

Ikawa hivyo. Kila siku saa nne kasorobo nabeba birika la lita ishirini kwa toroli la makreti mpaka getini, mlinzi ananisaidia kutoa meza. Siku ya kwanza king'ora kilipolia wote walienda chumba cha chai. Nikawaona kwa mbali wanarudi mmoja mmoja, wamenuna. Siku ya pili nusu. Wakalalamika jua, wakalalamika vumbi, Redio akasema sasa tunakunywa chai kama tunaomba lifti. Jamu niliiweka getini, yote. Wiki ya pili walikuwa wanakuja moja kwa moja. Wiki ya nne ukibonyeza king'ora, hata aliyekuwa chooni anatokea getini huku anafunga mshipi. Nilianza kulala.

Kisha ikanyesha mvua. Ilinyesha siku mbili bila kupumzika, uwanja ukawa tope mpaka vifundoni. Dakika akaniambia chai irudi ndani, mpaka mvua ikatike tu. Ningemwambia nini? Watu waliingia wamelowa, wanatetemeka, maana wametoka kwenye baridi ya kuku wakakutana na baridi ya mvua. Niliwahurumia. Siku hizo ofisi walikuwa wamenipa kopo zima la jamu, na nikalimaliza lote. Nilimkata mke wa mwanangu ncha mbili, nikamkalisha kwenye benchi lililoegemea ule ukuta, ambao una joto la mitambo. Akafumba macho kwa raha. Akasema, "Mama, hapa ndipo pangu."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi.

Siku ya tatu jua lilitoka. Nilimwambia mlinzi atoe meza, nikapanga vikombe na mikate getini, nikarudi ndani kuchemsha. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi, mapema bado. Chai ndiyo kwanza imechemka. King'ora kikalia.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu mpaka leo isipokuwa Mola wangu. Mimi niliyejua, niliyekwenda kwa msimamizi, niliyesikia kitabu kikisomwa, king'ora kilipolia sikufikiri kitu. Mkono wangu ulichukua birika. Kulikuwa na vikombe vitano mezani vya akiba. Nikamimina cha kwanza. Nikamimina cha pili. King'ora kikalia tena, kirefu, nami nikawa namimina cha tatu, nikijiambia leo Dakika ana haraka. Macho yalianza kuwasha. Nikayafuta kwa kiwiko, nikaendelea. Ni mlio wa tatu ndio ulionifanya nitazame ukuta. Pale bomba linapoingia, pembeni ya taulo langu, kulikuwa na uzi mweupe wa moshi unaoshuka kwenda chini, sio kupanda juu.

Na wakati huo huo nikasikia, pwacha pwacha.

Hawakuwa wote. Wengi walikuwa wameelekea getini, kama nilivyowafunza. Lakini watu kumi na tano au zaidi walikuwa wamekuja kwangu, kwenye jamu ya jana na juzi. Wa kwanza alikuwa mke wa mwanangu. Aliingia akaenda moja kwa moja kwenye benchi lake, akakaa, mgongo ukutani. Wengine wakajaza chumba, na nyuma yao wengine wakajaza ujia. Redio alikuwa mlangoni. Akanusa, akasema leo kuku wamejikojolea. Wakacheka, maana harufu ile ilikuwa yetu ya kila siku, imezidi kidogo tu.

Nilifungua mdomo nipige kelele, nikaufunga. Ujia ule ni mwembamba, wawili hawapishani bila kugusana. Sakafu ina maji, wote wamevaa mabuti. Nikitaja gesi watakimbia wote kwa pamoja. Wa mbele wataanguka, wa nyuma watawapanda, na mwenye tumbo yuko ndani kabisa. Tena katikati ya ujia, mkono wa kushoto, ndio uliko mlango wa chumba cha mitambo.

Nikashika birika kwa mikono miwili, nikalinyanyua walione.

"Chai ya leo iko getini," nilisema. "Mkate umeshapangwa. Jamu iko juu ya meza, atakayewahi ndiye."

Jamu haikuwepo. Nimeuombea msamaha uongo ule, na nikiambiwa niuseme tena nitausema.

Walionung'unika walinung'unika. Lakini wale wa mwisho, wa ujiani, waligeuka hapo hapo, kwa kuwa sasa wao ndio wamekuwa wa kwanza. Nikasikia mabuti yanakwenda. Kisha wa kati. Hawakukimbia, walitembea ule mwendo wa mtu anayetaka kuwahi bila kuonekana mlafi. Redio aligeuka mlangoni akaniambia Mama Birika unatuzungusha kama ng'ombe. Nikamjibu, "Tangulia, mwanangu, nisije nikakupa kikombe cha chini." Sauti yangu ilitoka sawa, sijui ilitoka wapi.

Nilikuwa nimewatoa wote kwa utaratibu mzuri, na utaratibu huo ukamwacha yeye wa mwisho.

Alikuwa bado kwenye benchi. Aliniambia miguu imevimba, nimpe chake hapo hapo, vile vitatu si viko tayari. Ule uzi mweupe ulikuwa umekuwa mnene, umefika begani kwake. Akaanza kukohoa. Nikaweka birika chini, nikachota maji ya kuoshea vikombe, nikaloweka taulo na aproni yangu. Taulo nikamfunga usoni, aproni nikajifunga mimi.

"Mama, kuna nini?"

"Simama. Nishike mkono, usiongee, fumba macho. Mimi nitaona kwa ajili yako."

Alisimama. Nilihisi moyo wake unavyopiga mpaka kwenye kiganja. Tukaingia ujiani. Chini ya mlango wa mitambo moshi ulikuwa unatoka kama unga unaomwagika, umetanda sakafuni, mabuti yetu hayaonekani. Pumzi ile ilikuwa visu. Nilihesabu hatua kwa jina la Mwenyezi Mungu, kila hatua jina, na kwenye la nane yeye akasimama. Miguu imekataa. Aliniinamia begani na uzito wote, akasema kupitia lile taulo kwamba mtoto hachezi.

"Anakusikiliza wewe," nilimwambia. "Wewe tembea naye atacheza."

Sikujua kama ni kweli. Nilimvuta. Kwenye hatua ya kumi na tatu alijikwaa, akaangukia goti, nikamwinua kwa kwapa. Mgongo wangu ulilia, na hata leo haujanyamaza. Halafu mwanga, halafu upepo, tukatoka.

Pale getini watu walikuwa wamepanga foleni. Naapa, walikuwa wamepanga foleni mbele ya meza ya mikate, na Redio alikuwa anamlaumu mlinzi kwa kuficha jamu. Dakika alikuwa anakimbia kutoka mtu hadi mtu akihesabu, midomo imekauka, anafika arobaini anasahau anaanza upya. Fundi mitambo alikuwa amekaa chini. Yeye ndiye aliyefunga vali ya bomba lililovuja na kubonyeza king'ora, na mlinzi alikuwa anammwagia maji machoni kwa ndoo. Mmoja kwenye foleni aligeuka kututazama, mimi na mke wa mwanangu, nguo zimefungwa usoni. Kisha akatazama nyuma yetu. Kwenye dirisha la chumba cha chai moshi ulikuwa unatoka mzito, mweupe, umeziba kioo. Redio alikaa chini kwenye tope na kushika kichwa.

Mke wa mwanangu alilazwa siku nne kwa hewa ya mtungi. Mtoto alicheza jioni ya siku ya kwanza. Aliuchukua mkono wa mumewe akauweka tumboni, mwanangu akaangua kilio mbele ya wauguzi. Fundi jicho moja halikurudi sawasawa. Wengine wote wazima.

Kengele mpya ilinunuliwa wiki hiyo hiyo. Dakika aliileta mwenyewe, akaifunga mwenyewe. Saa nne ilipolia mara ya kwanza, hakuna aliyeondoka mezani. Walitazamana, glovu mikononi, mpaka yeye alipopita meza hadi meza akiwagusa mabega kama zamani. Kwangu alikuja mwisho. Alisimama muda mrefu bila kutazama saa, akaniambia, "Mama, nisamehe." Nikamwambia nilishasamehe, ila sitaki tena kumimina chai ndani ya chumba kile. Sasa namimina getini, mvua au jua, wamejenga paa.

Mjukuu wetu ni wa kike, ana miezi minne. Mama yake amepona kifua. Kitu kimoja tu hakijapona: hawezi kukaa na chai. Nikichemsha, harufu ikimfikia tu, anafunika pua kwa khanga, rangi inambadilika, anatoka na mtoto nje. Anajua ni chai. Anajicheka. Na bado anatoka. Mwanangu amenisomea ukurasa mwingine, tukakubaliana nitaanza mbali. Wiki ya kwanza niliweka birika mwisho wa uwanja, yeye kakaa ndani na mwanaye, anakula embe alipendalo. Kila siku nalisogeza hatua mbili. Jana lilifika kizingitini. Alilitazama, akatafuna embe lake, hakufunika pua. Nikamshukuru Mungu kimya kimya, nikaegemea mlango.

Ndipo gari la wagonjwa likapita barabarani, linalia.

Mke wa mwanangu alimkumbatia mtoto, akaruka kwenda kona ya mbali. Nilitaka kumwambia ni gari tu, mwanangu, limeshapita. Alikuwa ananitazama mkono. Nikaangalia na mimi. Nilikuwa nimeinama kizingitini, birika liko mkononi, na chai inamiminika juu ya saruji, mahali ambapo kama kungekuwa na kikombe, kingekuwa kimejaa.

"Mama," aliniita taratibu. "Mama, weka chini."

Nilichelewa kidogo kuweka.